Ulbosyn na Bata Wasioruka

Karakoga ni kijiji kilichokaa juu ya kilima cha mchanga, huko chini kabisa ambako mto Volga unachoka kuwa mto mmoja na kujigawa kuwa vijito visivyo na idadi kabla ya kuingia bahari ya Kaspi. Ukishuka kilima hicho kwa upande wowote utakanyaga maji, au matete, au tope ambalo bado halijaamua kuwa kitu gani. Watu wake ni Wakazakhi, wavuvi na wafugaji kwa wakati mmoja, na kati yao aliishi mwanamke aliyeitwa Ulbosyn, ambaye kijiji kizima kilimjua kwa jambo moja tu. Alikuwa mwoga.

Sisemi hivyo kwa kumdharau. Nimekunywa chai ya mikono yake miaka mingi, na mkate wake wa kukaanga nilikuwa nikiufikiria tangu niko mbali na kijiji. Lakini mwoga alikuwa. Aliogopa ngurumo, aliogopa mbwa wa watu na mbwa wake mwenyewe, aliogopa mlango ukigongwa kwa nguvu kwa kudhani ni habari ya msiba. Akiingia mtumbwini alishika ubao kwa mikono yote miwili, hata kama mtumbwi wenyewe bado umelala mchangani.

Jirani yao Bisen, mwenye mashua ya mota, alikuwa hawezi kupita uani kwao bila kumchokoza.

"Shemeji Ulbosyn! Leo umeogopa nini? Au ndiyo kwanza umeamka?"

"Nimeogopa sura yako, shemeji. Hebu kanyoe kwanza ndipo uje kusalimia watu."

Ulimi haukuwa mwoga. Ni moyo.

Na moyo ule ulikuwa na sababu zake. Alipokuwa mdogo baba yake alichukuliwa na moryana. Moryana ni upepo wa kusini, unaotoka baharini. Ukikaza kuvuma huisukuma bahari irudi ndani ya mto, na nchi ile ni bapa kama sinia, basi maji hayana pa kwenda ila juu ya watu. Wala hayaji kwa wimbi moja la kishindo ukasema nimeliona. Yanapanda tu, kama maziwa jikoni. Umegeuka kidogo, yamekwisha kumwagika. Baba yake alikuwa kisiwani anakata matete. Mtumbwi wake ulipatikana siku chache baadaye, umeng'ang'ania kwenye mti, na ndani mna kiatu kimoja.

Msichana huyo akakua, akaolewa na Sapargali, mtu mpole wa hapohapo Karakoga. Katika nyumba ile alikuta kitu kilichomtuliza kuliko dawa. Baba mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu, alimwambia siku ya kwanza alipomwona anatetemeka mtumbwini:

"Mwanangu, bata mwitu anaisikia bahari kabla ya binadamu. Wakitulia bata, tulia na wewe. Siku utakayowaona wameinuka wote kwa pamoja wanakwenda upande wa juu wa mto, acha fyekeo, acha hata kofia yako, panda mtumbwi."

Ndivyo nyumba ile ilivyoishi, na kweli haijawahi kumpoteza mtu. Mzee alipofariki, kanuni yake ilibaki kama vile yeye mwenyewe bado ameketi pale anawaangalia bata. Ulbosyn aliishika kuliko wenye nyumba. Wenzake wakikata nyasi huku wanaimba, yeye hukata mara mbili, akainua kichwa, akatazama madimbwi. Wapo? Wapo. Anakata tena. Bisen alisema mwanamke huyu amewaajiri bata kuwa walinzi na hata mshahara hawapi.

Kwa kawaida familia yao ilikata nyasi za ng'ombe kwenye malisho ya juu katikati ya kiangazi, na kisiwa cha Uzunaral, kilicho chini karibu na bahari, walikiacha mpaka joto linapoanza kupungua. Mwaka ninaousimulia mambo yaliharibika. Maji ya masika yalikaa kwenye malisho ya juu kupita kiasi, na yalipoondoka nyasi zilikuwa zimeoza, zinanuka. Kisha Sapargali akapanda juu ya banda kuziba paa, akateleza, akavunjika mguu. Na ng'ombe wao alikuwa amezaa, ana ndama. Bila nyasi za kuweka, ng'ombe yule asingeuona mwisho wa baridi, na ng'ombe yule ndiye maziwa, ndiye siagi, ndiye kila kitu.

"Tunakwenda Uzunaral," alisema mama mkwe. "Mimi na Ulbosyn. Na ng'ombe na ndama, wale hukohuko."

Huyu mama mkwe aliitwa Kalampyr. Mwanamke wa mifupa mipana, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, miguu imevimba kwa uzee hata anatembea kwa fimbo. Hakuwa anaogopa chochote, na hakuwa anaelewa mtu mwingine anaogopa nini. Tena kwa Wakazakhi mkwe hainui sauti mbele ya mama mkwe wake. Hampi mgongo anapotoka chumbani. Na jina lake halitamki, wala la mzee yeyote wa upande wa mume. Afadhali atafute neno la kuzunguka. Ulbosyn aliyashika yote hayo tangu harusi yake bila kukosea hata mara moja.

"Mama, lakini upepo..." alianza, polepole.

"Upepo uko wapi? Moshi wa jiko umesimama wima kama askari!"

Sapargali akawaambia kutoka kitandani, mguu umefungwa vijiti, "Waangalieni bata tu."

"Tutawaangalia," alisema mkewe.

Wakaenda. Ulbosyn alisukuma mtumbwi kwa upondo, ng'ombe na ndama wakiogelea nyuma kwa kamba. Walipita katikati ya mayungiyungi ya rangi ya waridi yaliyofumka kwa wingi hata maji hayaonekani. Uzunaral ni kisiwa chembamba, kirefu, kimeinuka kutoka majini kiasi cha goti la mtu. Upande mmoja kuna dimbwi pana linalotazama bahari, upande wa pili kijito cha ndani, na katikati kibanda chao cha matete. Walikata siku ile, wakalala chini ya neti ya mbu, na kesho yake wakaendelea.

Siku hiyo ya pili asubuhi ndipo Ulbosyn alipoliona jambo lililomshangaza. Dimbwini bata walijaa, wamejibana kwenye kingo za matete, kimya kabisa. Juu ya maji yalielea manyoya marefu ya mbawa, mengi, yamesogezwa ukingoni kama takataka za ufagio.

"Mama, mwaka huu madume wamekwenda wapi? Naona majike matupu."

Kalampyr akacheka mpaka akaishikilia fimbo kwa mikono miwili.

"Majike! Mtazame yule mdomo wake. Njano, sivyo? Huyo ni bwana mzima. Amevua koti la harusi amevaa gauni la mkewe."

"Ndiyo maana wamejificha?"

"Wafanyeje? Kichwa cha kijani hawana, ule mkufu mweupe wa shingoni hawana, na mbawa zimepukutika, hawawezi kuruka hata kuipita fimbo hii. Mwanamume akiishiwa unamwona barazani? Hujifungia ndani mpaka apate nguo nyingine. Kata nyasi wewe."

Ulbosyn akacheka naye. Yeye aliwajua madume wa vuli, waliomaliza kuvaa, wenye vichwa vinavyong'aa. Hawa wa kahawia, wanyonge, walimtia huruma. Lakini walikuwa wametulia, na yeye akatulia.

Mchana upepo ulianza. Haukuwa mkali. Ulikuwa upepo wa moto, wa kusini, unaokuja kama pumzi ya mtu aliyekaribia kulala, ukakatika, ukaja tena. Mkono wa Ulbosyn ukasimama juu ya fyekeo. Akatazama dimbwi. Wapo.

"Mama, upepo ni wa kule."

"Bata wako wamekaa?"

"Wamekaa."

"Basi na wewe kaa."

Akakata. Akatazama. Wapo. Upepo sasa haukatiki. Matete yalianza kuinama upande mmoja na hayakuinuka tena sawasawa. Mtumbwi, ambao walikuwa wameuacha pua yake juu ya nyasi na nusu yake umejaa mafungu ya kwanza, ulisogeza mkia. Labda ni upepo tu. Akatazama bata. Wapo, wamekaa. Alijiambia maneno ya baba mkwe mara kadhaa kwa sauti ndogo. Akajigombeza. Mwanamke mzima, unaogopa upepo wakati bata wenyewe hawana habari.

Alikata mstari mmoja mrefu bila kuinua kichwa, kwa makusudi, ili kujizoeza. Alipokuja kuinua, dimbwi lilikuwa tupu.

Hakusikia mbawa. Kundi kama lile haliwezi kuondoka bila kelele ya mbawa, hata ukiwa umelala utaamka. Aliangalia juu, mbingu haina hata ndege mmoja. Aliangalia maji, yamekuwa rangi ya chai, yana povu, na yale manyoya yaliyokuwa ukingoni sasa yalikuwa ndani ya nyasi, hatua chache kutoka alipo.

Kisha nyasi zikatikisika karibu na miguu yake.

Bata walikuwa wanakuja kwa miguu. Walitoka mateteni mmoja nyuma ya mwingine, matumbo yakiburuzika chini, shingo zimenyooshwa mbele, bila mlio hata mmoja, na vile vigutu vya mbawa vimeachana na mwili kidogo kama mtu anayekimbia kwenye giza. Walivuka kisiwa kutoka upande wa bahari kwenda upande wa kijito. Walimwona. Hawakumkwepa. Mmoja alipita juu ya kiatu chake, akausikia uzito wake na vidole vyake vya baridi. Bata mwitu anayemkanyaga binadamu mguu amekimbia kitu anachokiogopa zaidi ya binadamu.

Hapo akaelewa. Kanuni ya mzee ilikuwa kanuni ya masika na ya vuli, wakati bata wana mbawa. Hakuna mtu wa nyumba yao aliyewahi kukaa Uzunaral wakati huu wa kunyonyoka. Alikuwa ameshinda siku nzima anangoja waruke viumbe wasioweza kuruka.

Alikimbia hadi kibandani. Kalampyr alikuwa amekaa juu ya fungu la nyasi, anamimina chai.

"Mama, tuondoke. Maji yanapanda."

"Bata wameruka?"

"Hawawezi kuruka, mama! Hawana mbawa, wewe mwenyewe umesema! Wanakimbia kwa miguu, wamenipita hapa!"

"Bata wametembea tangu dunia iumbwe. Kaa unywe chai."

"Mama, nakuomba."

"Mume wangu alisema wakiinuka. Wameinuka? Hawajainuka." Kalampyr akapuliza chai yake. "Wewe ndoo ikianguka unaogopa. Paka akipiga chafya unaogopa. Kama ningekimbia kila unapoogopa, mwanangu, kwa miguu hii hii ningekuwa nimeshafika Moscow nikarudi. Nyasi zote hizi tuziache? Ng'ombe ale nini, hofu yako?"

Ulbosyn alisimama palepale mlangoni. Na sasa nitakwambia alichonieleza yeye mwenyewe, kwa kuwa mtu asiye mwoga hawezi kukijua. Alisema hofu ile haikuwa na sura ya pekee. Ilikuwa na sura ileile ya hofu ya ngurumo, ya mbwa, ya mlango. Imemdanganya mara ngapi? Siku zote alizoogopa hakikutokea kitu. Alijiuliza kama kweli aliwaona wale bata. Akamtazama mama mkwe aliyetulia, mkubwa kama jiko la matofali, na karibu akae anywe chai.

Maji yakaja chini ya ukuta wa matete. Yaliingia taratibu, yakazunguka birika, yakainua kijiti kimoja cha kuni na kukigeuza. Kalampyr alikitazama kijiti kile kama mtu anayesoma herufi asiyoijua, na hakuinuka. Sasa si ubishi. Ni kwamba hakuwa amewahi kufanya hivyo, kukimbia, na mwili haukujua unaanzia wapi.

"Inuka!" alipiga kelele Ulbosyn. "Inuka, Kalampyr! Inuka!"

Jina likatoka. Lilitoka kwa sauti ambayo hakujua anayo, mbele ya mbingu na nchi. Kikombe kikamponyoka yule mama. Alimtazama mkwe wake kwa macho ya mtoto aliyechapwa bila kutegemea, kisha akainua mikono yote miwili juu, kama mtoto hasa, abebwe.

Akambeba. Mwanamke mwembamba yule, mimi sijui alimbebaje. Njia ya kwenda mtumbwini ilikuwa imekwisha kuwa maji, yamefika chini ya magoti, na mafungu ya nyasi za siku mbili yanaelea pande zote yanamgonga. Mtumbwi ulikuwa unacheza, umebakiza kidogo kuondoka wenyewe. Alimtupa mama mkwe ndani, akazimwaga nyasi zote nje kwa mikono, akakata kamba ya ng'ombe kwa kisu cha mkate. Ndama alikuwa analia. Alimsukuma makalio aende, akapanda, akashika upondo.

Upondo ulizama wote bila kugusa chini, pale ambapo jana aliusukuma kwa nusu yake; ikabidi autumie kama kasia.

Alitetemeka hata upondo ukawa unagonga ubao, ta-ta-ta-ta, na hakuweza kuunyamazisha. Mawimbi yalikuja kutoka nyuma, mafupi, machafu, yakimwagika ndani. Kalampyr aliyachota kwa sufuria huku anasema Bismillahi, Bismillahi, maneno mengine yamempotea. Mbele kila kitu kilikuwa matete yaliyoinama na maji ya rangi moja; milango ya vijito aliyoijua imefunikwa. Ulbosyn alitaka kulala ndani ya mtumbwi na kufumba macho. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Ndipo alipowaona tena. Bata walikuwa mbele yao kidogo, wanaogelea wakijibanza nyuma ya ukuta mnene wa matete, mahali ambapo upepo hauwafikii. Akaupeleka mtumbwi huko. Kwa kweli pale maji yalikuwa yametulia kidogo. Bata wakasogea, naye akasogea, wakapinda, akapinda. Kila alipogeuka nyuma aliona vichwa viwili, cha ng'ombe na cha ndama. Halafu aligeuka, akaona kimoja.

Hakumwambia mama mkwe. Mama mkwe alikuwa ameshaona.

Jua lilikuwa bado halijazama Bisen alipowakuta na mashua yake chini ya kijiji. Sapargali alikuwa amemtuma kwa kupiga makelele dirishani tangu upepo ulipobadilika, mpaka sauti ikamkauka. Bisen aliwafunga kamba, akawavuta, na safari hiyo hakutania. Aliwauliza tu, "Na Uzunaral?"

"Haipo," alijibu Ulbosyn.

Alfajiri ng'ombe alifika uani peke yake, tope mpaka machoni, akasimama mbele ya banda analia kuelekea mtoni. Watu walikuja kumtazama. Jamaa wa nyumba ya tatu akasema ana nyasi za kuwapunguzia, na mwingine akaitikia, kwa hiyo suala la chakula cha baridi lilikuwa na njia yake. Ndama hakuonekana.

Lakini Ulbosyn asubuhi ile alikuwa na hofu nyingine. Alikuwa ametaja jina. Aliandaa chai macho yako chini, akamimina kikombe kisijae, kama ilivyo adabu ya kwao, akakitoa kwa mikono miwili. Kalampyr alikipokea. Sapargali alitazama mmoja, akatazama mwingine, akajifanya mguu unamuuma.

"Mama," alisema Ulbosyn hatimaye, "nisamehe. Jana nilikutaja."

"Nilisikia."

"Nilichanganyikiwa."

"Tangu afariki mume wangu hakuna mtu aliyeniita hivyo." Upepo ulikuwa bado unavuma, na dirisha likajigonga kwenye fremu yake. Yule mama mkubwa akaruka mahali alipokaa, chai ikamwagika mkononi. Akautazama mkono wake.

"Ona. Tangu jana hauachi kutetemeka. Nikisikia hilo dirisha moyo unataka kutoka. Nikifumba macho naliona lile jiti la kuni linageuka." Akamgeukia mkwe wake. "Ndivyo unavyokuwa wewe?"

"Ndivyo, mama."

"Kila siku?"

Ulbosyn akafikiri. "Siku nyingine kidogo tu."

"Na nyasi unakata hivyohivyo? Na maji unateka?"

"Nitafanyaje, mama?"

Kalampyr alikiweka kikombe chini. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hilo birika. Leo namimina mimi."

"Mama, haifai..."

"Lete, nimesema."

Alimimina. Nusu ilikwenda kwenye kikombe na nusu kwenye kitambaa, kwa jinsi mkono ulivyokuwa unacheza, naye akakisogeza kikombe mbele ya mkwe wake kwa mikono yote miwili. Dirisha likagonga tena. Safari hii waliruka pamoja.